Chai ya Masala na Neno "Asili"

Mdogo wangu anauza masala ya chai. Alianza kwa kuwauzia majirani, akaingia kwenye maduka mawili ya mtaani kwetu, sasa ana maduka sita yanayopokea mzigo wake. Mwaka huu akaamua kuachana na ile karatasi aliyokuwa akiibandika kwa gundi na kuchapisha lebo ya kueleweka. Jioni moja akanipigia simu.

"Dada, si wewe ndiye mwandishi? Niandikie maneno ya nyuma ya pakti. Maneno sitini tu. Weka kwamba ni ya asili, ya Kihindi, ya maelfu ya miaka. Watu wanapenda hivyo."

Maneno sitini. Mimi niliyezoea kuandika habari ya maneno mia nane huku mhariri amesimama nyuma ya kiti changu, nikajiambia hiyo kazi itaisha kabla maji hayajachemka. Imenichukua wiki tatu. Tumegombana mara mbili, na mara ya pili mama alilazimika kuingilia kati. Kilichotugombanisha hasa ni neno moja: asili.

Nianze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ya mwisho wa wiki kuhusu vinywaji, na humo nikasema chai ya masala imekuwa ikinywewa India kwa miaka elfu tano, tangu enzi za mfalme mmoja aliyeivumbua ndani ya kasri lake. Niliitoa wapi? Palepale kila mtu anapoitoa: mmoja kaandika, mwingine kanakili, mimi nikanakili kwa huyo wa pili. Wiki iliyofuata ikaja barua kwa mhariri kutoka kwa msomaji mmoja, mzee wa Kihindi wa hapa hapa Dar. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba bibi yake alizaliwa kijijini Gujarat, na mara ya kwanza alipoonja chai alikuwa tayari ameolewa na ana watoto. "Sasa binti," akamalizia, "hiyo miaka elfu tano bibi yangu alikuwa wapi?"

Barua ile haikuchapishwa. Niliitia kwenye droo na sikusahihisha kitu. Unajua vijana wa mjini wanavyoiita stori ya kutunga: chai. "Hiyo chai." Basi mimi niliwanywesha wasomaji wangu chai kuhusu chai, na usiku nikalala usingizi wangu vizuri. Safari hii, kabla ya kuandika hayo maneno sitini, nikaona nimjibu kwanza yule mzee.

*

Mzee alikuwa sahihi. Kilicho cha kale India ni viungo. Tangu zamani sana watu wa huko wamechemsha tangawizi, pilipili manga, iliki, mdalasini na mrehani wakapata dawa ya kifua na ya tumbo. Inaitwa kadha, na mpaka leo inanywewa. Lakini ndani ya kadha hamna jani la chai. Mchai wenyewe ulikuwepo, tena wa porini, huko Assam kaskazini-mashariki, na watu wa kabila la Singpho walikuwa wakilitumia jani lake kwa namna yao, wakilikausha na kulishindilia ndani ya vipande vya mwanzi. Ila Mhindi wa kawaida wa Gujarat au wa Punjab hakuwa na habari nalo. Alikunywa maziwa, alikunywa mtindi uliopigwa na maji. Huko kusini, wapo waliokunywa kahawa.

Mwaka 1823 Mskoti mmoja, Robert Bruce, akaonyeshwa mti ule. Wakati huo chai ya Waingereza ilitoka China, na baada ya Kampuni ya East India kupoteza ukiritimba wa biashara ya China mwaka 1833, hamu ya kuwa na mashamba yao wenyewe ikapanda. Mwaka 1839 masanduku ya kwanza ya chai ya Assam yakauzwa kwa mnada London, na mwaka huohuo Assam Company ikaundwa. Chai hiyo ililengwa vikombe vya Uingereza. Wahindi walikuwa wa kuilima, si wa kuinywa.

Wakaja kuwa wa kuinywa pale chai ilipozidi. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya tozo kwenye chai inayosafirishwa nje, na fedha zake zikaenda kwenye matangazo. Mwanzoni walitafuta wateja nchi za mbali. Baadaye, na hasa miaka ya 1930 dunia ilipoyumba kiuchumi na bei zikaanguka, wakageuka wakaona kumbe soko kubwa kuliko yote limekaa pale pale India, na halijui chai ni nini. Ikawa kampeni hasa. Wapishi wa maonyesho wakapelekwa masokoni na majumbani, wakagawa vikombe bure. Vibanda vya chai vikafunguliwa viwandani na migodini, na waajiri wakashawishiwa kuwapa wafanyakazi dakika chache za kunywa ili warudi kazini na nguvu. Stesheni za reli zikapata wachuuzi. Mabango ya lugha mbalimbali yakaeleza hatua kwa hatua namna ya kupika chai, kama tunavyoelezwa leo namna ya kunawa mikono.

Si kila mtu aliipokea. Gandhi mwenyewe aliandika akiwakanya watu wasinywe chai, na wapo wazalendo walioiona kuwa ni mtego wa mkoloni uliowekwa sukari.

Sasa ndipo panapokuja kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mabango yale yalifundisha chai ya Kiingereza: majani ya kutosha kwenye birika, maji ya moto, maziwa kidogo pembeni. Mchuuzi wa stesheni akaangalia hesabu yake. Jani ndilo ghali. Maziwa yapo na sukari ipo, na viungo kila mtu anavyo jikoni kwake tangu enzi za babu zake. Kwa hiyo akapunguza jani akaongeza maziwa, sukari na tangawizi, akavichemsha vyote pamoja kwenye sufuria moja mpaka vikaiva. Wenye kampeni walinung'unika, kwa sababu biashara yao ilikuwa kuuza majani, na huyu bwana anayatumia machache anavyoweza. Wakamwona anaharibu chai. Wateja wakaipenda ile iliyoharibika.

Miaka ya 1930 pia, huko huko Assam, ikavumbuliwa mashine ya kusaga, kuchana na kusokota jani mpaka linakuwa punje ndogo ngumu. Jani la namna hiyo hutoa rangi nzito upesi na kilo moja yake hutoa vikombe vingi zaidi. Baada ya uhuru wa 1947 majani hayo yakaenea nchini, yakawa bei nafuu, na yana nguvu ya kutosha kutomezwa na maziwa na karafuu. Hapo ndipo chai ya masala tunayoijua ikawa ya kila mtu. Kinywaji cha "maelfu ya miaka" kumbe umri wake ni kama wa bibi yangu mzaa mama.

*

Nilifurahi mno. Nikaona nimepata lebo nzuri kuliko ile ya uongo: chai ya masala kama ushindi wa wanyonge, mkoloni kaleta jani, mchuuzi kaligeuza lake. Nikaandika maneno yangu sitini, nikaenda nyumbani Jumapili kumsomea mama.

Nilimkuta anapika hiyo hiyo chai. Anaipika hivi. Kwa watu wanne, vikombe viwili vya maji na viwili vya maziwa ya ng'ombe. Kipande cha tangawizi mbichi cha urefu wa kidole gumba, anakiponda kwenye kinu, hakikwangui. Iliki tano, pilipili manga punje nne, karafuu mbili, kijiti cha mdalasini, vyote vinapondwa kidogo tu, visiwe unga. Vinaingia kwenye maji ya baridi na kuchemka pamoja dakika tano hivi, mpaka maji yanageuka manjano hafifu na jirani anajua unapika nini. Tangawizi lazima itangulie kuchemka, maana ikikutana mbichi na maziwa, maziwa hukatika. Kisha majani, vijiko vitatu vya chai. Siku hizi ni yetu ya Mufindi, ambayo nayo husagwa kwa mashine za aina ileile ya Assam. Dakika mbili. Ndipo maziwa na sukari, vyote ndani ya sufuria. Yakiumuka mpaka ukingoni anashusha moto. Yakitulia anapandisha. Mara tatu. Katikati anachota kwa upawa na kumimina kutoka juu, povu linapanda. Akiwa na mchaichai au nanaa anatupia jani moja, kama wanavyopenda Wagujarati. Anachuja, anagawa.

Haonji. Toka nimekuwa na akili sijawahi kumwona mama anaonja chai anayoipika, na haijawahi kukosea.

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifuta sufuria. Akauliza, "Ushindi wa nani?"

Nikamweleza tena, mchuuzi, mkoloni, jani. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto akimweleza habari za shule. Kisha akasema, "Unajua kwa nini mimi sionji?"

Mama yangu alifanya kazi za ndani mjini, Kisutu, kwenye nyumba ya familia moja ya Kihindi, kwa miaka ishirini na miwili. Hilo nilikuwa nalijua, lilitusomesha. Nilichokuwa sijui ni kwamba chai aliyoipika mara nne kwa siku kwa miaka yote hiyo hakuruhusiwa kuionja kwenye sufuria. Kijiko kikishagusa mdomo wake hakirudi ndani. Kwa hiyo alijifunza kwa pua: harufu ya tangawizi ikiwa bado mbichi, harufu ya majani yaliyozidi, harufu ya maziwa yanayotaka kuungua. Sehemu yake alimiminiwa mwisho, kwenye kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, kilichotundikwa msumarini karibu na mlango wa nyuma, pembeni ya ufagio. Wengine walinywea glasi ndogo zenye mstari wa dhahabu. Nikakumbuka siku ya likizo, nikiwa na miaka sita au saba, nilipoinyooshea mkono mojawapo ya glasi zile, mama akanipiga kofi la mkono ambalo sikulielewa mpaka Jumapili hii. Nikakumbuka pia kwamba nyumbani kwetu hakijawahi kuingia kikombe cha bati.

*

Ingekuwa rahisi niishie hapo, msomaji akasirike na mimi nimalize. Lakini mama hakukubali. Kwa sababu bibi yuleyule ndiye aliyesimama naye jikoni wiki nzima akimfundisha viungo kimoja kimoja, kwa Kiswahili chake cha kuunga. Ndiye aliyelipa hospitali nilipougua malaria nikapoteza fahamu. Na alipohama kwenda kuishi na wanawe ng'ambo, kile kinu cha shaba ambacho mdogo wangu anapondea masala ya kuuza, alimwachia mama. Wala nyumba moja si nyumba zote, na mama aliniambia hivyo kabla sijauliza.

Nikamuuliza kama amemsamehe. Akasema, "Bibi tulishamalizana. Kile kikombe ndiyo hatujamalizana."

Nilirudi kwenye maelezo yangu ya India nikaona nilikuwa nimeruka mambo. Nilikuwa nimemshangilia mchuuzi wa chai bila kuangalia anavyogawa glasi zake. Katika vibanda vya chai vya vijijini, Tamil Nadu na kwingineko, kulikuwa na desturi ya glasi za aina mbili: za watu wote, na za Wadalit, wale ambao mfumo wa matabaka uliwahesabu kuwa hawagusiki. Mdalit alikunywea glasi yake, akaiosha mwenyewe, akairudisha mahali pake. Gujarat kikombe hicho kilipewa hata jina, rampatar, chombo cha mungu Ram. Jina tamu kwa jambo chungu. Katiba ya India ya 1950 ilipiga marufuku mambo hayo, lakini watafiti waliendelea kuyakuta vijijini miongo mingi baadaye. Kwa hiyo kikombe cha bati cha Kisutu hakikuzaliwa Kisutu. Kilikuja na chai, kama iliki ilivyokuja na chai.

Na waliochuma? Mashamba ya Assam yalijazwa watu waliotolewa Chota Nagpur na sehemu nyingine za mbali kwa mikataba ambayo wengi hawakuweza kuisoma. Sheria ya mwaka 1865 ilimpa mwenye shamba ruhusa ya kumkamata mwenyewe mfanyakazi aliyetoroka. Vitukuu wa watu hao ndio mpaka leo wengi wa wachumaji wa Assam, na ujira wao ni mdogo.

Au chukua hata karafuu mbili za mama. Karafuu haikuzaliwa India wala Zanzibar, ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Karne ya 19 ikapandwa Unguja na Pemba, na waliofanya kazi kwenye mashamba hayo walikuwa watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Karne iliyofuata India ikawa mmoja wa wanunuzi wake wakubwa, kiasi kwamba mwaka 1937, sheria mpya za biashara ya karafuu zilipowabana wafanyabiashara wa Kihindi visiwani, wazalendo wa India waliigomea karafuu ya Zanzibar. Yaani ile tunayoiita masala ya Kihindi ya asili, kiungo chake kimojawapo kilitoka kwetu, na chenyewe kina kilio ndani yake.

*

Sasa tufanyeje? Maana swali si la historia tena. Swali ni kama mtu anaweza kupenda kitu kilichomfikia kwa njia kama hii, akakiita chake, bila kujidanganya.

Njia ya kwanza ni ya mdogo wangu na ya pakti zote za dukani: neno asili. Angalia tunavyolitumia. Asali ya asili, mafuta ya asili, dawa ya asili. Tunamaanisha hakuna mkono uliokigusa, kimetoka moja kwa moja kwa Mungu. Lakini chai ya masala ni mikono mitupu, mmoja juu ya mwingine. Ukisema ni ya asili, unaifuta mikono yote kwa kitambaa kimoja.

Njia ya pili ni kuiacha. Nilijaribu siku tatu, nakiri. Haikumsaidia mtu yeyote. Mchumaji wa Assam hakuongezewa hata rupia moja, na mama alinitazama kama mtu anayekataa chakula chake.

Njia ya tatu aliniambia mwenzangu wa kazini. "Kila kitu ukikichimbua utakuta damu. Nguo, simu, chai. Utaishi vipi? Kunywa." Maneno haya yana ukweli, ndiyo maana ni ya hatari. Yanayaweka madeni yote kwenye kapu moja, kisha yanalisukuma kapu chini ya kitanda.

Kilichonisaidia nilikikuta msibani, mwezi uliopita. Sote tunaijua ile hatua. Kabla mwili haujaondoka nyumbani, msemaji wa familia husimama na kusema: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze, aje kwa familia. Nimesikia maneno hayo tangu utotoni na sikuwahi kuyatafakari. Watoto wa marehemu ndio kwanza wanalia, na tayari wanabeba deni ambalo hawakulikopa. Hakuna anayesema, kwa kuwa baba alikuwa na madeni, nyumba aliyoijenga si yetu. Na hakuna anayesema, kwa kuwa nyumba ni nzuri, madeni hayapo. Katika mirathi ya Kiislamu deni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Nyumba inakuwa yao kwelikweli pale wanaposimama mbele za watu na kusema, anayedai aje.

Nadhani mila ni mirathi ya namna hiyo. Chai ni ya Wahindi ingawa ililetwa kwa matangazo, kwa sababu waliipika mpaka ikawa kitu ambacho mwenye tangazo hakukitaka. Na ni ya mama yangu ingawa aliipika kwa ajili ya wengine, kwa sababu aliijua kwa pua yake kuliko walioijua kwa ulimi. Mahali kitu kilipotoka hapaamui kama ni chako. Ila kikishakuwa chako, umekipokea na wadai wake, na wadai hawalingani. Wengine walishakufa, na tunachoweza kuwalipa ni kutosema uongo juu yao. Wengine wako hai, mbali, na haki yao inapiganiwa kwenye ujira. Na wengine wako karibu sana.

Hapa ndipo iliponigeukia. Nina dada wa kazi nyumbani, mwaka wa tatu sasa. Jumatatu ile, siku moja baada ya maongezi na mama, niliingia jikoni nikamkuta amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Kikombe chake ni cha plastiki, cha kijani. Kinakaa juu ya ndoo. Vikombe vyetu vya udongo viko kabatini. Sikuwahi kumwambia asivitumie. Mume wangu hakuwahi kumwambia. Hakuna mtu aliyewahi kusema neno lolote, na bado kikombe kile kimejua mahali pake kwa miaka mitatu. Na mimi ni Mwafrika, mtoto wa mfanyakazi wa ndani, sina dini ya matabaka ya kusingizia.

Nilimwambia atumie chochote kilichopo kabatini. Akasema, "Haina shida dada, nimeshazoea hiki." Nikabaki nimesimama. Ningeweza kukitupa kile cha plastiki, lakini hicho nacho kingekuwa kitendo changu mimi, cha kujisafisha. Siku hizi tunakunywa chai ya jioni mezani, wote, na kabati liko wazi. Wiki mbili za kwanza alikuja na kikombe chake cha kijani. Sitakudanganya kwamba jambo limekwisha.

*

Ugomvi wa pili na mdogo wangu ulikuwa juu ya lebo niliyompelekea mwisho. Niliondoa asili, nikaondoa maelfu ya miaka, nikaondoa na ushindi wangu. Nikaweka viungo kwa majina: tangawizi kavu, iliki, pilipili manga, mdalasini, karafuu, kungumanga. Nikaweka namna ya kupika, kwa kifupi, pamoja na ile mara tatu. Na mstari mmoja wa mwisho: kwamba mapishi haya mama yetu alifundishwa katika jiko alilofanyia kazi, Kisutu, Dar es Salaam.

"Huo mstari toa," akasema. "Watu wote wajue mama alikuwa hausigeli? Wateja wangu wa Masaki watasemaje?"

Nikamwambia ndiyo ukweli. Akaniambia ukweli wangu ni rahisi, mimi silipi kodi ya mashine ya kupakia. Hapo alikuwa na haki, na nikanyamaza. Heshima ya mama si mali yangu niitumie kupamba makala, wala si mali yake aifiche ili auze.

Mama alikuwa chumba cha pili. Akaja, akaomba karatasi, akavaa miwani. Alisoma polepole, mpaka akafika mstari wa mwisho, akaurudia kwa sauti.

"Si nilikuwa?" akamwambia mdogo wangu. "Uache."

Kisha akaomba kalamu. Nilidhani anataka kuongeza jina lake. Akapiga mstari kwenye maelekezo yangu ya kupika, pale nilipokuwa nimeandika, kwa mazoea tu, "onja, kisha ongeza sukari upendavyo." Akafikiri kidogo, akaifuta alama yake na kuyarudisha maneno vilevile.

"Hapana, waonje," akasema.

Lebo imeshachapishwa. Haijafika maneno sitini.